Barua za Pwani Yetu

Mwanafunzi wa Malindi hulitamka jina la Madison na mwaka 1787 wa katiba ya Marekani bila kukwama. Lakini mwulize habari za barua za Oktoba 1963, atakutazama tu. Tangu mwaka 1895 Mwingereza alikuwa ameikodi pwani hii, upana wa maili 10, kwa Sultani wa Unguja, kwa paundi 11,000 kila mwaka. Uhuru ulipokaribia, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Unguja, waliandikiana: pwani iwe sehemu ya Kenya, na Kenya ilinde dini ya Waislamu, mahakama za Kadhi, na hati za ardhi zilizokwisha andikishwa.

Hapo penye hati yafaa tusimame kidogo. Mwenye hati alipata ngao; Mgiriama aliyelima shamba lisiloandikwa kwa jina lake hakupata kitu. Ronald Ngala, mwalimu mzaliwa wa Kilifi, alikuwa amepigania serikali za majimbo kule London, akazipata; lakini mwaka 1964 chama chake, KADU, kilijivunja, na majimbo nayo yakafifia. Mahakama za Kadhi zimo hata katika katiba ya mwaka 2010. Wakulima wengi wa Kilifi wangali wakingojea hati.