Hondohondo wa Thailand: kwa nini mpiga picha hukaa mbali na kiota

Wengi wenu mnamjua hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa uliopinda, ambaye mabawa yake husikika kabla hajaonekana. Misitu ya mvua ya Kusini Mashariki mwa Asia ina hondohondo wa aina nyingi. Thailand peke yake ina aina 13. Watu husafiri kutoka mbali kwenda kuwatazama na kuwapiga picha. Hapa tunaeleza kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini mpiga picha asiye na subira anaweza kuua kifaranga bila kumgusa.

Kusubiri chini ya mkuyu

Chini ya msitu huo ni giza hata mchana, na ndege hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti. Kumkimbiza huko ni kazi bure. Anayejua huondoka alfajiri, suruali ameichomeka ndani ya soksi kwa sababu ya ruba, kisha hutafuta mti wa jamii ya mkuyu wenye matunda yaliyoiva. Hapo hukaa kimya, darubini mkononi. Ndege huja wenyewe kula.

Masikio hufanya kazi kabla ya macho. Aina moja yenye kofia ngumu juu ya mdomo huanza kuita polepole, huzidi kuharakisha, halafu humaliza kwa sauti kama kicheko. Wamalai husimulia kwamba ni mtu aliyekata nguzo za nyumba ya mama mkwe wake, akacheka ilipoanguka.

Mama aliyefungiwa ndani

Wakati wa kutaga, jike huingia katika tundu la mti mkubwa na kuziba mlango kwa udongo, kinyesi na mabaki ya chakula. Hubaki ufa mwembamba tu. Dume huleta matunda na kumlisha kupitia ufa huo. Kwa yule mwenye kofia ngumu, jike hukaa ndani takribani miezi mitano, na hulea kifaranga mmoja tu.

Hatari iko hapo. Dume akiona watu chini ya mti, huogopa kukaribia. Watu wakishinda pale siku nzima wakitafuta picha nzuri, walio ndani hushinda njaa.

Wawindaji waliogeuka walinzi

Ndege huyo mwenye kofia ana adui mwingine. Kofia yake si tupu ndani kama za wenzake. Ni ngumu, na huchongwa mapambo kama pembe ya ndovu. Kwa sababu ya uwindaji huo, tangu mwaka 2015 amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Kusini mwa Thailand, katika milima ya Budo, wanakijiji walikuwa wakichukua vifaranga vya hondohondo na kuviuza. Mwanasayansi Pilai Poonswad, aliyeanza kuwachunguza ndege hawa mwaka 1978, hakuishia kuwalaumu. Aliwashawishi wawe walinzi wa viota, kwa sababu hakuna aliyeijua miti hiyo kuliko wao. Watu wa mijini huchangia fedha, kila mmoja akidhamini kiota, na walinzi hulipwa. Kifaranga aliyekuwa akiuzwa mara moja sasa huleta kipato akiwa hai.

Ukiwa na simu yako

Hata kwetu hondohondo wa mitini hujifungia vivyo hivyo, isipokuwa mumbi, yule mkubwa atembeaye ardhini. Kwa hiyo kanuni za huko zinatufaa na sisi:

- Ukiona dume amebeba chakula lakini hasogei mtini, wewe ndiwe unayemzuia. Ondoka.
- Usimulike kiota kwa taa ya simu, wala usigonge mti ili ndege atoke.
- Usipige sauti ya ndege iliyorekodiwa karibu na kiota. Dume hudhani amevamiwa na kuacha kulisha.
- Zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupiga picha. Picha inaweza kubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa, na ukiisambaza, mwindaji naye ataijua njia.

Mti wenye tundu nao usikatwe ovyo. Hondohondo hawezi kutoboa tundu lake mwenyewe, na mti wa kumtosha huchukua miaka mingi kukua.