Ukuta wa Moto na Siku za Aprili 2015 Cibitoke

Cibitoke inayozungumziwa hapa si mkoa uliokuwa kaskazini-magharibi mwa Burundi, bali ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, karibu na Ngagara na Mutakura. Mwaka 2015 wakazi wake walijifunza, bila kukaa darasani, kazi ya chombo ambacho mafundi wa mtandao hukiita ukuta wa moto.

Tuanze na chombo chenyewe. Ujumbe unaotumwa kwa simu hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba anwani ya inakotoka, anwani ya inakokwenda na nambari ya poti. Ruta husoma anwani na kuchagua njia. Ukuta wa moto husimama njiani na orodha ya kanuni, nao huisoma kutoka juu kwenda chini. Kwa kawaida kanuni ya kwanza inayolingana na pakiti ndiyo inayotumika: ipite au itupwe. Fundi mwangalifu huruhusu kwanza yanayohitajika, kisha mwishoni huandika kanuni ya kukataa mengine yote. Akitanguliza ile ya kuruhusu kila kitu, zote zilizo chini yake hazina kazi.

Kuta hizi zilipata umuhimu zaidi baada ya Novemba 1988, programu iliyoitwa mdudu wa Morris ilipovuruga maelfu ya kompyuta. Nia ilikuwa kumzuia mgeni mbaya asiingie. Lakini orodha ileile inayomzuia mgeni kuingia yaweza pia kumzuia mwenyeji kutoka.

Tarehe 25 Aprili 2015 chama cha CNDD-FDD kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kesho yake maandamano yalianza Bujumbura, na Cibitoke ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoandamana, pamoja na Musaga na Nyakabiga. Tarehe 27 redio RPA ilifungwa. Watu wakategemea WhatsApp, Facebook, Twitter na Viber kupeana habari. Kabla ya mwezi kwisha, huduma hizo nazo zilizuiwa kwenye simu za mkononi.

Hapa ndipo ujuzi wa ruta unapomsaidia mwanahistoria. Intaneti yenyewe haikuzimwa, kwani kurasa nyingine zilifunguka. Kwa hiyo hakuna waya uliokatwa. Ni kanuni zilizoongezwa. Tena zilihusu mitandao ya simu, huku waliokuwa na laini za ofisini wakiendelea kupata huduma hizo. Kanuni haikutaja tajiri wala maskini, lakini aliyeumia zaidi ni yule ambaye simu ya mfukoni ndiyo intaneti yake pekee.

Vijana wakajibu kwa VPN. Programu hiyo hufunga pakiti ndani ya pakiti nyingine, kama barua iliyofichwa katika bahasha ya pili. Ukuta huona anwani ya nje tu, ukairuhusu ipite.

Tarehe 13 Mei jaribio la mapinduzi lilitangazwa. Katika siku hizo RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance zilishambuliwa. Rema FM, iliyokuwa upande wa serikali, nayo ilishambuliwa. Waandishi waliobaki bila studio walianzisha SOS Médias Burundi, wakirusha habari kupitia mitandao ya kijamii. Njia iliyokuwa imezibwa wiki chache nyuma ndiyo iliyobeba habari.

Ukuta huo haukuishia 2015. Oktoba 2017 tovuti ya gazeti la Iwacu ilizuiwa nchini, na tarehe 20 Mei 2020, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizuiwa tena.

Redio iliyochomwa huacha majivu, na mpita njia huyaona. Kanuni ya ruta ni mstari mmoja wa maandishi. Ukifutwa hauachi alama ukutani wala harufu ya moshi. Ndiyo maana wanaojifunza ufundi huu wafundishwe kuandika pembeni ya kila kanuni: nani aliiagiza, lini, na kwa sababu gani. Kwa fundi, hilo ni jambo la kawaida, ili mwenzake wa kesho asipotee. Kwa watu wa Cibitoke, ingekuwa kumbukumbu ya jinsi mlango wao ulivyofungwa.