Asili ya Timu ya Kriketi ya Tanzania na Ushahidi wa Maneno

Mchezo unapoingia katika nchi huja na maneno yake, na maneno hayo hukaa kama alama za nyayo katika mchanga. Mchezo ukichezwa na watu wote, maneno yake huingia katika lugha ya wote. Ukichezwa nyuma ya ua, maneno hubaki nyuma ya ua. Makala haya yanachunguza asili ya timu ya kriketi ya Tanzania kwa kutumia kanuni hiyo. Madai yake ni kwamba timu hiyo ilikuwako kwa muda mrefu kabla ya mchezo wake kupata makao katika lugha ya taifa, na kwamba jambo hilo ndilo lililokuwa udhaifu wake mkubwa.

Yafaa kuanza mbali na viwanja vya Dar es Salaam. Ndagoni ni kijiji cha kisiwa cha Mafia, upande wa magharibi, ulikoelekea mlango wa bahari unaokitenga kisiwa na delta ya Rufiji. Ni nchi ya minazi na uvuvi, na lugha ya wenyeji ni Kiswahili. Katika vijiji vya pwani kama hicho michezo ya watu wazima na vijana hujulikana. Kuna bao, lenye maneno yake ya kale: kete, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, na kitenzi kutakata. Kuna karata. Kuna mpira wa miguu. Kila mmoja wa michezo hiyo una msamiati kamili ambao mtoto huupata kwa kusikia tu, bila kufundishwa na mwalimu.

Karata zastahili kutazamwa kwa makini. Jina lenyewe ni la Kireno, na majina ya aina zake nne ni ya Kireno pia: kopa kutoka copas, uru kutoka ouros, shupaza kutoka espadas, na pau kutoka paus. Hata turufu ni trunfo. Wareno waliondolewa Mombasa mwaka 1698, na ngome zao zimegeuka magofu au majumba ya makumbusho. Lakini karata zao bado zatajwa kwa maneno yao na watu wasiojua hata neno moja la Kireno. Mabaharia na askari walicheza mahali ambapo wenyeji waliweza kuketi nao, kutazama, kubishana na kucheza. Hali kadhalika mpira wa miguu. Goli, kona, penati, refa na beki yametoka katika Kiingereza, lakini yamevaa irabu za Kiswahili na kuingia katika ngeli zake: goli hili, magoli haya. Na penye upungufu, Kiswahili kimejitungia chake, kama kuotea na kupiga chenga.

Kriketi haikupata bahati hiyo, ingawa ililetwa na Waingereza wale wale, na katika miaka ile ile. Sababu ya kwanza ni mpaka. Kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 Uingereza ilitwaa ulinzi juu ya Unguja na Pemba, na Ujerumani ikatambuliwa katika mrima. Mafia, iliyokuwa chini ya Sultani wa Unguja, iliwekwa upande wa Wajerumani, nao wakamlipa Sultani marki milioni 4 kwa ajili ya ukanda wa pwani pamoja na kisiwa hicho. Basi Unguja ikawa na mabaharia, maofisa na wamisionari Waingereza, na katika miaka ya 1890 kriketi ikachezwa huko. Mrima na Mafia zilikuwa na Wadachi, kama watu wa pwani walivyowaita Wajerumani, ambao hawakuwa na mchezo huo. Ndagoni iliwekwa upande usio na kriketi kwa kalamu iliyoandika Ulaya.

Mpaka huo ulivunjika kwanza Mafia yenyewe. Mwezi wa Januari 1915 majeshi ya Waingereza yalikitwaa kisiwa, nacho kikawa kituo chao cha kuiwinda manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ikaangamizwa mwezi wa Julai mwaka huo huo. Mwaka 1916 Dar es Salaam ilitwaliwa, na mwaka huo huo ikaanzishwa Dar es Salaam Gymkhana Club. Jina hilo lina funzo kwa mwanaisimu. Sehemu yake ya mwisho ni khana ya Kiajemi, yenye maana ya nyumba, iliyopita India kabla ya kufika Afrika. Khana hiyo hiyo imo katika neno la Kiswahili karakana. Karakana ilikuwa mahali pa kazi, na Mswahili aliingia humo na nyundo yake. Kwa hiyo neno likawa lake. Gymkhana ilikuwa mahali pa starehe ya watawala, na neno likabaki jina la lango.

Watawala hawakuwa wachezaji wengi wala bora wa mchezo huo katika Tanganyika. Mzigo wa kriketi ulibebwa na Wahindi, ambao wengi wao asili yao ni Gujarati na Kachi. Huko Bombay mchezo ulikuwa umepangwa kwa jumuiya: Wazungu, Waparsi, Wahindu na Waislamu walishindana kila jumuiya na timu yake tangu mwaka 1912, na shindano hilo, lililoongezwa timu ya tano mwaka 1937, lilidumu mpaka 1946. Mpango huo ulivuka bahari. Katika Dar es Salaam timu zilikuwa za Maismailia, za Mabohora, za Wahindu, za Wagoa na za Wazungu. Kiwanja cha Annadil Burhani kwa jina lake tu chaonyesha jumuiya iliyokitunza.

Ingekuwa makosa kuwalaumu wachezaji hao kana kwamba wao ndio waliojenga ukuta. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa na serikali. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini si majina ya mzaha. Ni mpango wa nyumba uliogeuzwa maneno, kila moja na kiambishi u- cha hali na -ni ya mahali, hata hali ya mtu na mahali pake vikawa neno moja. Kati ya Uhindini na Kariakoo ulikuwako uwanja wazi wa Mnazi Mmoja. Mtu aliweza kuuvuka kwenda dukani. Kuuvuka kwenda kupiga mpira wa kriketi lilikuwa jambo jingine.

Hapo ndipo ushahidi wa maneno unapoonekana waziwazi. Kiswahili kimepokea maneno mengi kutoka kwa Wahindi: bima, hundi, laki, pesa, gari, chapati. Ni maneno ya duka, ya njia na ya chakula, yaani ya mahali watu walipokutana. Katika orodha hiyo hakuna hata neno moja la kriketi, ingawa mchezo huo ulipendwa na watu hao kwa mapenzi makubwa. Lugha haikukataa maneno hayo; haikuyasikia.

Katika hali hiyo timu ya nchi iliundwa. Mwaka 1951 Tanganyika ilicheza na Kenya, na mechi hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa timu ya taifa. Klabu ya MCC ya London ilizuru Afrika Mashariki katika msimu wa 1957-58, na tena 1963-64. Katika miaka ya 1960 na 1970 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishindana kwa ukawaida, na wachezaji wao bora wakachaguliwa kuunda timu moja ya Afrika Mashariki.

Timu hiyo ilifika Uingereza mwaka 1975, katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi. Shiraz Sumar na Praful Mehta walikuwamo kutoka Tanzania. New Zealand ilipata mikimbio 309 kwa wiketi 5, na Afrika Mashariki ikajibu kwa 128 kwa wiketi 8. Mbele ya India walitolewa wote kwa 120, na mbele ya Uingereza kwa 94. Walishindwa mara tatu, lakini si kushindwa kunakohitaji kuelezwa, kwa maana walikuwa watu wa kazi zao waliokutana na mabingwa. La kuangaliwa ni orodha ya majina. Waafrika weusi walikuwa wawili, John Nagenda na Sam Walusimbi, na wote wawili walikuwa Waganda. Uganda mchezo ulikuwa umefundishwa katika shule kubwa za misheni, ukapata wachezaji nje ya jumuiya za Wahindi. Tanzania haikuwa na njia kama hiyo.

Kwa hiyo jumuiya zilipotikisika, timu ilitikisika pamoja nazo. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalitawanya watu waliokuwa nguzo za mchezo Unguja. Azimio la Arusha la 1967 lilibadili mwenendo wa uchumi, na mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, ambayo mengi yalikuwa mali ya Wahindi. Uganda iliwafukuza Waasia wake mwaka 1972. Familia nyingi ziliondoka Tanzania kwenda Uingereza na Kanada, na pamoja nazo waliondoka wapigaji, warushaji, waamuzi na watunza viwanja. Mti uliokuwa na mzizi mmoja ulikatwa mzizi huo. Waliobaki waliuendeleza mchezo kwa uvumilivu unaostahili heshima. Mashindano ya nchi nne yalikoma mwaka 1980. Kenya ikajitenga na kuwa mwanachama wa baraza la kriketi la dunia mwaka 1981. Tanzania ilibaki ndani ya timu ya pamoja mpaka ilipopokewa yenyewe mwaka 2001, miaka 50 baada ya mechi ile ya kwanza.

Huenda mtu akasema kwamba kriketi ni mchezo wa gharama, mrefu na mgumu, na kwa hiyo haukuweza kufika Ndagoni kwa namna yoyote. Hoja hiyo haisimami. Visiwa vya Karibi vina minazi kama Mafia, na huko watoto walichonga gongo la kriketi kwa upongoo, ule mti wa kati wa kuti la mnazi; kutoka kwao ikatoka timu iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1975 na tena 1979. Mfano wa pili ulionekana Dar es Salaam kwenyewe. Mwezi wa Oktoba 2008 Tanzania iliandaa mashindano ya daraja la nne ya dunia katika viwanja vya Gymkhana, Annadil Burhani na Kinondoni. Mshindi alikuwa Afghanistan, ambayo wachezaji wake wengi waliujua mchezo katika kambi za wakimbizi nchini Pakistan. Walijifunza vumbini, kwa lugha waliyoizungumza nyumbani. Hawakuwa na klabu wala nyasi. Walikuwa na mchezo uliokuwa wao.

Mabadiliko yalianza Tanzania pale mchezo ulipopelekwa katika shule, mikononi mwa watoto wasio na jumuiya ya kriketi nyuma yao. Matunda yake yalionekana kwanza kwa wanawake. Tarehe 22 Juni 2019, mjini Kigali, Tanzania iliifunga Mali: mikimbio 285 kwa wiketi 1 dhidi ya 17. Fatuma Kibasu alipata mikimbio 108 bila kutolewa. Mpinzani alikuwa dhaifu, na ushindi huo usipimwe kupita kiasi. Lakini jina la mpigaji lazungumza. Ni jina la pwani na bara, la mtoto wa shule ya kawaida. Mwaka 2025 timu ya vijana wasiozidi umri wa miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la vijana la 2026, lililopangwa kuchezwa Zimbabwe na Namibia, ikiwa na wachezaji wa asili mbalimbali.

Na maneno? Msomaji wa magazeti ya Kiswahili amekwisha kukutana na wiketi na ova, yaliyoingia katika ngeli ya maneno ya kigeni bila fujo. Lakini neno lenye thamani zaidi ni mikimbio. Halikukopwa. Limetungwa kwa kitenzi kukimbia, kwa kiambishi m- na kiishio -o, sawasawa na mchezo kutoka kucheza na mtego kutoka kutega. Atakayelisikia kwa mara ya kwanza Ndagoni atafahamu nusu ya maana yake kabla ya kuuona mchezo. Neno la namna hiyo haliundwi na mtu anayetazama juu ya ua. Huundwa na mtu aliyemo uwanjani na anayetaka mwenzake aelewe.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Maneno ya mahali pa kusimama wachezaji, ya namna za kurusha na za kutolewa, bado hayajatulia, na kila mwalimu hutumia yake. Hapo wanalugha wana deni: wayakusanye maneno hayo viwanjani kwa watoto wenyewe, kabla ya kuyatunga mezani. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Timu ya Tanzania ilicheza kwa nusu karne kwa bidii na adabu, lakini haikuwa na kwao katika lugha ya watu wake. Ndiyo sababu wachache waliitunza, na wachache hao walipoondoka ilikaribia kusahauliwa. Ikiwa siku moja watoto wa Ndagoni watabishana kuhusu wiketi kama wazee wao wanavyobishana kuhusu turufu, mchezo huo hautahitaji tena ua wa kuulinda.