Paa Moja, Milango Mingi: Habari za Kuezeka katika Kilosa na Mikumi

Msafiri wa karne ya 19 aliyetoka pwani kwenda bara kwa njia ya bonde la Mkondoa aliweza kujua kwa kutazama mapaa kwamba anabadili nchi. Katika vilima vya Kilosa, penye mvua ya kutosha na nyasi ndefu, aliona misonge, nyumba za duara zenye mapaa yaliyochongoka. Kadiri alivyopanda Usagara na kuikaribia Ugogo, ambako mvua ni chache, mapaa yalilala. Akaingia katika nchi ya tembe, nyumba ndefu ambayo juu ya kuta zake hulazwa boriti, juu ya boriti fito na nyasi, na juu ya vyote udongo ulioshindiliwa. Kila namna ilikuwa na sababu yake. Paa la udongo halishiki moto upesi wala haling'olewi na upepo, lakini mvua ya siku nyingi hulilowesha likawa zito hata boriti zikakatika. Paa la nyasi humwaga maji vyema likiwa na mteremko mkali, ila mchwa hula makombamoyo yake, na cheche moja huweza kumaliza kijiji.

Tembe aghalabu lilikuwa la watu wengi: vyumba vilifuatana kuzunguka ua, jamaa kwa jamaa, chini ya paa lisilokatika. Ufa uliotokea juu ya chumba cha mmoja ulikuwa shauri la wote, maana maji yakiachwa huozesha boriti na kuhamia kwa jirani. Kwa nyumba za nyasi umbo lilikuwa jingine, lakini maana ni ile ile. Wakati wa kiangazi nyasi zilikatwa, majirani wakaitwa, pombe ikapikwa, paa likaezuliwa na kuezekwa upya, lote au ule upande ulioharibika. Mapaa hayo hayakudumu, na kutodumu kwake ndiko kulikowafanya watu wayatazame kila mwaka.

Bati la migongo lilibuniwa London mwaka 1829 na mhandisi Henry Robinson Palmer, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapewa hati ya kuhifadhi chuma kwa zinki kisishikwe na kutu. Njia ya kulifikisha Kilosa kwa wingi ilifunguliwa na reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Kilosa 1909. Mzigo mpana na mzito ambao mpagazi angeteseka nao safari nzima, sasa ulishushwa stesheni bila taabu. Tena magari ya moshi yaliyochoma kuni yalitupa cheche, na karibu na njia yake nyasi kavu hazikuwa paa la kuaminika.

Baada ya reli ulikuja mkonge. Zao hilo, lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, lilienea katika mashamba ya Kilosa na Kimamba, nalo lilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu. Wakaletwa manamba, watu wa mkataba walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Makambi yao, kama zilivyokuwa nyumba nyingi za wafanyakazi wa reli, yalijengwa kwa mistari: vyumba vilivyopakana ukuta kwa ukuta, kila kimoja na mlango wake, vyote chini ya paa moja refu. Kwa macho mstari huo ulifanana na ubavu wa tembe, lakini watu waliolala ndani yake hawakuwa ukoo. Paa lilikuwa la mwajiri. Mkazi aliyevujiwa hakuwa na ngazi wala bati wala ruhusa ya kupanda. Aliweza tu kusogeza kitanda na kupeleka habari kwa msimamizi. Hapa ndipo desturi ya kale ilipokatika, wala si bati lililoikata. Wako wasemao kwamba chuma kiliua ujima. Lakini chuma hakijui ujima, na walioukata ni wale waliotenga mtu alalaye chini ya paa na mamlaka ya kulitengeneza.

Bati nalo lina madhara yake, ambayo kila fundi huyajua. Msumari wake wenye kichwa kama mwavuli hupigwa juu ya mgongo. Ukipigwa bondeni, maji yapitapo yatauzunguka mpaka yapate njia. Bati hupanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, msumari ukalegea, tundu likapanuka, na kutu ikaanzia hapo. Upepo unaotangulia mvua ukiingia chini ya upenu, hulisukuma paa kwa ndani na kulinyanyua pamoja na papi zake. Lakini madhara haya huja polepole. Bati huweza kukaa miaka mingi bila kuguswa, na miaka hiyo humfundisha mwenyewe kusahau.

Mwenyewe naye alibadilika mara kwa mara. Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, wakati bei yake ilikuwa imekwisha kuanguka duniani. Mwaka 1977 Shirika la Reli la Afrika Mashariki likavunjika. Mali ilihama mkono, matundu yakabaki palepale.

Mikumi ilikua kwa namna nyingine. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika huko mwaka 1960 na Kidatu mwaka 1965. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964. Na barabara kuu iendayo Zambia inapita hapo. Wapitao na waliokuja kutafuta kazi walihitaji chumba. Jibu lilikuwa nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake.

Mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 Mkondoa ulivunja tuta lake, ukafurika Kilosa, ukaharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Maji ya namna hiyo hayaanzi na paa. Hulowesha ukuta wa udongo chini, ukuta ukaporomoka, na bati huweza kulala juu ya kifusi likiwa zima. Mwenye bati lake hulinyoosha akaanza upya kwingine. Mpangaji hana cha kunyoosha.

Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo imelifanya paa la jumba lililogawanywa kuwa mali ya wenye sehemu wote, walitunze kwa umoja wao. Ni kanuni ya tembe iliyoandikwa upya, ila ni kwa wenye hati. Mpangaji wa chumba kimoja hukubaliana na mwenye nyumba kama awezavyo: pengine humwita fundi kwa fedha yake, naye akazikata katika kodi. Fundi hupaka lami juu ya chumba cha aliyemlipa. Mvua inyeshapo, maji yaliyozuiwa hapo hufuata papi, yakadondoka chumba cha pili.