Laptopu inasema hakuna intaneti na wakati ipo? Usikimbilie kupiga Windows

Wadau, leo tuongee ufundi kidogo. Hapa Kilosa na kule Mikumi swali ninaloulizwa kila mara ni hili: "Dogo, laptopu inaniandikia No Internet, mbona simu kwa waifai hiyo hiyo inaingia?" Wengine linawapata kinyume chake: kompyuta inadai imeunganishwa, vimistari vimejaa, ila hakuna ukurasa unaofunguka. Wengi wanaishia kupigiwa Windows upya. Mafaili yanapotea, hela inaliwa, na kesho yake tatizo liko pale pale. Sasa piga picha maombi ya mkopo wa HESLB au ya kazi kule Ajira Portal yanafungwa usiku huo. Ndio maana nimeamua kuiandika yote sehemu moja.

KOMPYUTA INAJUAJE KUWA KUNA INTANETI?

Ile alama ya chini kulia inasema mambo mawili tofauti. Vimistari vinapima nguvu ya mawimbi kati ya laptopu na ruta, au simu iliyowasha hotspoti, basi. Bando likiisha, vimistari vinabaki vimejaa vile vile.

Kuhusu intaneti yenyewe, Windows inafanya kamtihani. Inaomba faili dogo kutoka www.msftconnecttest.com, lenye maneno Microsoft Connect Test tu. Jibu likirudi hivyo hivyo, imefaulu. Likizuiwa, likichelewa sana au likija kivingine, unaona No Internet, alama ya dunia au, kwenye Windows 7, pembetatu ya njano. Utaratibu huu ulianza na Windows Vista, enzi hizo anwani ikiwa www.msftncsi.com.

Kwa hiyo alama ile ni majibu ya mtihani mmoja tu. VPN, proksi iliyosahaulika, antivirasi kali au mtandao unaosuasua vinaweza kuufelisha huku intaneti ipo.

FANYA HIVI, KWA MPANGILIO

1. Jaribu simu kwenye waifai hiyo hiyo, lakini ZIMA DATA ya simu kwanza. Usipozima, simu inaweza kuhamia kwenye bando lake kimya kimya, halafu unailaumu laptopu bure. Kama hotspoti inatoka kwenye simu hiyo hiyo, fungua ukurasa wowote humo na angalia salio la bando.

2. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, kisha andika ipconfig. Tafuta IPv4 Address na Default Gateway. Ukiona namba inayoanza na 169.254, laptopu haijapewa anwani na ruta. Isahaulishe ile waifai (Forget), zima ruta na uiwashe, unga upya.

3. Hapo hapo andika ping, nafasi, halafu namba ya Default Gateway. Kisha ping 8.8.8.8. Mwisho ping google.com. Soma majibu hivi:

- Gateway haijibu: tatizo ni kati yako na ruta. Sogea karibu, unga upya.
- Gateway inajibu, 8.8.8.8 haijibu: laptopu yako huenda ni nzima. Angalia bando, ruta, au kampuni ya simu.
- 8.8.8.8 inajibu, google.com haijibu: ni DNS, yaani kitabu cha kugeuza majina kuwa namba. Andika ipconfig /flushdns. Ikigoma, weka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya waifai.
- Zote zinajibu, alama bado inasema No Internet: alama inakudanganya. Zima VPN na proksi, washa kompyuta upya. Ukurasa ukifunguka, endelea kutuma maombi yako, alama utashughulika nayo baadaye.

Angalizo: mitandao mingine ya ofisini huzuia ping, kwa hiyo huko jaribu pia kufungua kurasa mbili tatu.

4. Angalia tarehe. Betri ndogo ya ndani ikifa, saa inarudi nyuma miaka, na kurasa za usalama zinagoma kufunguka hata kama intaneti ni nzuri.

5. Ikikorofisha kila ikitoka usingizini, nenda Device Manager, Network adapters, kadi ya waifai, Power Management. Ukiukuta ukurasa huo, toa tiki kwenye kuruhusu kompyuta kuizima kadi kuokoa umeme.

6. Bado? Fungua cmd kama Administrator, andika netsh winsock reset, kisha washa upya. Hiyo haigusi mafaili yako.

KUNA SIKU KOSA SI LAKO

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia sana. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika karibu nchi nzima. Siku kama hizo vimistari vya waifai vinajaa kama kawa na gateway inajibu vizuri tu. Kupiga Windows hapo ni sawa na kubadilisha koki ya jikoni wakati bomba kuu la mtaa limepasuka.

FUNDI UENDE LINI?

Nenda kama waifai haionekani kabisa, au kadi yenyewe haipo kwenye Device Manager. Hapo ni draiva au kifaa. Mpe fundi majibu ya zile ping tatu, na akisema "tupige Windows" muulize kwanza ni ipi kati ya hizo imefeli, na kwa nini Windows ndio dawa yake. Na mafaili yako yahamishe kwenye flashi kabla hajagusa kitu.

Mwenye nyongeza amwage hapo chini. Tuko pamoja!