Kiingilio, Ada na Uanachama: Maneno Matatu katika Historia ya Mpira wa Tanzania

Makala haya yanakusudia kuchunguza chanzo cha manung'uniko yasikiwayo mara kwa mara miongoni mwa washabiki wa mpira wa miguu nchini Tanzania, khasa juu ya bei ya tiketi na ada za uanachama. Wengi hudhani kwamba shina la jambo hili ni umaskini wa mshabiki au tamaa ya viongozi. Sababu hizo zaweza kuwapo, lakini hazitoshi. Maneno yenyewe yatumikayo katika madai hayo yatuonyesha shina jingine: mshabiki na klabu yake hawafahamiani tena juu ya kile kinacholipiwa.

Na tuanze na neno kiingilio. Kitenzi ingia katika hali ya kutendea huwa ingilia, na humo hupatikana kiingilio, yaani kitu cha kuingilia. Neno hili lina matumizi mawili. La kwanza ni malipo ya mtu ajiungaye na chama. La pili ni malipo ya mlangoni ya mtu aendaye kutazama mchezo. Atoaye kiingilio cha kwanza huingia akawa mwenyeji. Atoaye cha pili huingia akatazama, kisha hutoka mgeni kama alivyokuja. Ada nayo ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni desturi. Ndipo ikawa malipo yatolewayo kwa desturi, kama yale ya fundi au mwalimu. Mwanachama ni mwana wa chama, na mwana ana haki katika nyumba ya wazee wake.

Maana ya kwanza ya kiingilio ndiyo iliyotawala vyama vya mijini zamani za utawala wa kikoloni. Vyama vya ngoma ya beni, kama Marini na Arinoti, vilikuwa na vyeo vyao, michango yao, na desturi ya kusaidiana katika misiba. Klabu za mpira za Dar es Salaam zilizaliwa katika mazingira hayo hayo. Young Africans, iitwayo Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ilianza klabu iliyowahi kuitwa Eagles, kisha Sunderland, na tangu 1971 Simba. Yanga ina nyumba yake Jangwani, na Simba Msimbazi. Nyumba hizo ni zaidi ya ofisi: ndizo ushahidi kwamba aliyetoa mchango alikuwa na mahali pa kuketi na kusema.

Ugomvi ulitokea pale klabu zilipoanza kuhitaji fedha nyingi kupita michango ya wanachama. Katika Yanga palizuka makundi yaliyojiita Yanga Asili na Yanga Kampuni, na majina hayo mawili yaeleza kisa chote kwa ufupi. Upande mmoja ulishika urithi, upande wa pili ukashika mtaji. Kwa Simba, mkutano wa wanachama wa Desemba 2017 ulimtangaza Mohammed Dewji kuwa mshindi wa zabuni ya hisa 49 kwa mia, kwa shilingi bilioni 20, na 51 kwa mia zikabaki upande wa wanachama. Wanachama wa Yanga nao walipitisha mabadiliko ya katiba mnamo Juni 2021 ili kufungua njia ya mfumo wa namna hiyo.

Sasa na tutazame jambo hili kutoka mbali na Kariakoo. Jina la Mjimwema lapatikana Njombe na Makambako pia, na miji hiyo miwili iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Dar es Salaam. Mkazi wa huko aliye na kadi ya Simba au Yanga hulipa ada yake, lakini nyumba ya klabu haioni ila kwa safari ya siku nzima. Timu ya Njombe Mji ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2017/18, pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United, wakubwa wa Dar es Salaam walikuja kucheza katika uwanja wa Sabasaba. Hapo yule mwenye kadi alikuwa mgeni mlangoni kama mtu mwingine yeyote. Tena klabu nyingi za mikoani zina desturi ya kupandisha kiingilio zipokeapo Simba au Yanga, kwani siku kama hizo ndizo ziletazo mapato. Klabu ndogo ina haki ya kutafuta riziki yake. Lakini mshabiki huona kwamba upendo wake umetozwa mara mbili. Njombe Mji ilishuka daraja mwaka 2018, pamoja na Majimaji ya Songea, na mavuno hayo yakakoma.

Manung'uniko haya si ya Tanzania peke yake. Tarehe 6 Februari 2016 maelfu ya washabiki wa Liverpool waliondoka uwanjani katika dakika ya 77, kwa kuwa tiketi ya ghali kuliko zote ya msimu uliofuata ilipangiwa pauni 77. Wenye klabu waliifuta bei hiyo baada ya siku chache. Yafaa kuangalia kwamba watu wale hawakuwa na kura. Aliyeingia kwa mlango wa tiketi hana silaha ila kutoka. Ujerumani ilichukua njia nyingine: tangu 1998 kanuni yao yataka wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura.

Basi swali la kiingilio kiwe shilingi ngapi ni swali la pili. La kwanza ni kiingilio cha kuingia wapi. Ikiwa ada ni bei ya kadi tu, na iitwe bei, na mnunuzi apime kama bidhaa yamfaa. Ikiwa ni ada ya mwana wa chama, hapana budi iende na hesabu iliyo wazi na sauti isikikayo, hata itokapo Makambako. Kutumia neno la zamani kwa biashara mpya, bila kuyaeleza mabadiliko, ndiko kuliazimako heshima ambayo biashara hiyo haijailipia.