Hawa ng'ombe wanatafuta nini Olympic?

1/ Kiangazi kikibana, mjadala ni ule ule. Wamaasai wanaleta ng'ombe Lang'ata, Ngong Road, mpaka huku kwetu Olympic, wakila majani ya kando ya barabara matatu zikipiga honi. Mmoja anasema, "Waondolewe, hapa ni mjini." Mwingine, "Serikali iwape nyasi." Wadi yetu inaitwa Sarang'ombe na bado tunashangaa kuona ng'ombe! Kabla tugombane, historia kidogo.

2/ Jina Nairobi limetoka kwa Kimaa: Enkare Nairobi, maji baridi. Kabla reli ifike 1899, mifugo ilikuwa inanyweshwa hapa. Wafugaji walikuwa na mpango. Mvua ikinyesha, ng'ombe wanaenda nyanda kavu. Ikikatika, wanarudi kwenye mito na milima, kwa nyasi iliyoachwa makusudi. Karibu na boma kulikuwa na olopololi, malisho yaliyotengewa ndama na wagonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yao.

3/ Akiba ilienda wapi? Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai sehemu nzuri za Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa ardhi hiyo itakuwa yao maadamu wao wapo. Miaka 7 tu baadaye, mkataba wa 1911 ukawatoa Laikipia pia. Walienda kortini. Mwaka wa 1913 kesi ya Ole Njogo ikatupwa, eti mikataba hiyo ni kama ya nchi mbili, korti haina mamlaka.

4/ Mtu wa Kibera hii hadithi anaijua. Askari Wanubi walianza kukaa hapa miaka hiyo hiyo, wakalima, wakafuga. Mwaka wa 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, lakini wao hawakupewa hati. Hati ya jamii, ya ekari 288, ilikuja 2017. Karibu miaka 100.

5/ Turudi kwa malisho. Mwaka wa 1946 sehemu ya nyanda hizi ikawa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Mwaka wa 1968 ikaja sheria ya ranchi za vikundi. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi za Kajiado zikagawanywa, kila familia na kipande chake. Tuseme ukweli: wengine waliuza kwa hiari, kulipa karo na hospitali. Leo ukipita Kitengela, Kiserian au Rongai unaona ploti na seng'enge. Ng'ombe atapita wapi?

6/ "Basi wapewe nyasi." Sawa, tupige hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Robota moja ni kama kilo 15. Ng'ombe 50 wanamaliza marobota 20 kila siku. Tuseme robota ni shilingi 300: hiyo ni 6,000 kwa siku, 540,000 kwa miezi mitatu. Nani ako na hiyo pesa?

7/ Halafu chakula cha ziada si miujiza. Nyasi iliyokauka haina protini ya kutosha, na vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi vinaihitaji. Ukiongeza mashudu kidogo, lusani au maganda ya migunga, ng'ombe anakula nyasi kavu zaidi na inamfaa. Lakini lazima nyasi kavu iwepo. Ukimpa molasi peke yake kwa uwanja uliobaki vumbi, umempa sukari tu.

8/ Msaada nao huchelewa. Ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa na zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa Kenya. Serikali imewahi kununua ng'ombe wa ukame kupitia KMC. Lakini wa kununuliwa ni yule bado ako na nyama. Akishabaki mifupa, mwenyewe amepoteza, na sisi wa kununua robo kilo hatupati kitu.

9/ Kwa hivyo mwanasiasa akija Kamukunji kutuambia "nitawafukuza" au "nitawaletea nyasi," muulizeni mambo matatu. Njia za mifugo na malisho ya akiba zitalindwa na sheria gani? Nyasi itakatwa na kuwekwa ghalani lini, mvua ikiwa bado ipo au baada ya mizoga? Na ng'ombe watanunuliwa mwezi gani?

10/ Yule mchungaji umemwona kwa stage hajapotea njia. Anafuata njia ya babu yake kuelekea maji baridi. Ni sisi tumejenga katikati yake. Tujadiliane tukijua hivyo. Mtumie yule jirani wa "waondolewe."